UZI: Maneno ya mazingira tunayoyachanganya, na kazi inayoharibika kwa sababu hiyo

MwalimuElgon (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipopitisha kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, maneno ya mazingira yanaingia darasani, redioni na kwenye vikao vya LC1 (baraza la kijiji), na mengi yanaingia yakiwa yamepinda. Tuyanyooshe hapa, kila neno na mfano wa Uganda. Mwenye fani yake aseme kwa vipimo.

Naanza na msingi. Mazingira ni vyote vinavyomzunguka kiumbe: hewa, maji, udongo, joto, viumbe wengine, hata majengo. Ikolojia ni elimu inayochunguza jinsi viumbe wanavyohusiana wao kwa wao na mazingira yao. Kwa hiyo mtu hawezi "kukata ikolojia ya Mabira". Anachokata ni msitu, na anachokivuruga ni mfumoikolojia, yaani viumbe wa mahali pamoja na udongo, maji na hewa yao, vikifanya kazi kama kitu kimoja.

Makazi ni mahali spishi inapopata vitu vinne: chakula, maji, maficho na pa kuzalia. Kikikosekana kimoja, hayo si makazi tena hata pakiwa kijani. Mfano ni korongo taji, ndege wetu wa taifa. Hula kwenye malisho na mashamba, lakini kiota hujenga ndani ya nyasi ndefu za ardhi oevu. Ukikausha tope ukabakiza shamba, utaendelea kuwaona korongo miaka mingi kwa kuwa wanaishi muda mrefu, ila vifaranga hutaviona. Ndiyo maana kuhesabu ndege wakubwa peke yake hudanganya.

Bayoanuwai watu huitafsiri kuwa "wanyama wengi". Ina ngazi tatu: jeni, spishi na mifumoikolojia. Ngazi ya jeni ndiyo inayosahaulika, na kwetu ina mfano mchungu. Migomba ya matoke ina majina mengi, lakini huoteshwa kwa machipukizi na kijenetiki inakaribiana sana. Mnyauko wa bakteria ulipogunduliwa nchini mwaka 2001, hakuna aina ya matoke iliyokuwa na kinga kamili. Majina mengi hayakuwa anuwai.

FurukombeZiwani

Ahsante mwalimu. Naongeza mnyororo wa chakula, kwa sababu huchorwa kinyume kila mwaka.

Ziwa Nalubaale (Viktoria): mwani → vijidudu vinavyoelea majini → dagaa (mukene) → sangara (mputa) → furukombe au binadamu. Mshale huelekea kwa anayekula, maana unaonyesha nishati inakokwenda. Mwanafunzi akielekeza mshale kwa anayeliwa, ameelewa "nani anamkamata nani" lakini hajaelewa nishati.

Kwa kufundishia, chukua kwamba takriban sehemu moja ya kumi ya nishati ndiyo inayopanda ngazi inayofuata. Kilo 1,000 za mwani zinabeba kilo 100 za vijidudu, kilo 10 za dagaa, kilo 1 ya sangara. Iliyobaki imetumika kupumua na kutembea, au imetoka kama kinyesi. Hapo mwanafunzi ataona mwenyewe kwa nini mukene ni wengi kuliko sangara.

Sumu isiyovunjika mwilini huenda kinyume cha hesabu hiyo, na jina lake ni mlimbikizo wa sumu. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama kule Busia, ikifika kwenye tope lenye oksijeni kidogo, bakteria huigeuza kuwa aina inayonasa kwenye nyama ya samaki. Kila ngazi inakusanya ya ngazi ya chini yake. Samaki mkubwa mwindaji aliyeishi miaka mingi hubeba zaidi kuliko dagaa wa maji yale yale. Kwa hiyo ukitaka kupima, usipime maji tu.

Utando wa chakula ni minyororo iliyosukana. Sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, spishi nyingi mno za furu zilipotea. Baadhi ya furu hao walikuwa walaji wa mwani na mabaki yanayozama. Anayeuona mnyororo mmoja tu ataona samaki mdogo ameliwa na samaki mkubwa, basi. Anayeuona utando ataona pia kazi iliyokosa wa kuifanya.

KatibuLC1

Wakubwa, swali. Kinamasi, bwawa, tingatinga, ardhi oevu: kwenye mhutasari wa kikao niandike lipi? Wakazi wanasema mafunjo yetu ni "kinamasi tu, ardhi isiyo na kazi".

BiMafunjo

Andika ardhi oevu, ndugu katibu. Hilo ndilo jina pana: sehemu yoyote inayolowa maji kwa kudumu au kwa msimu kiasi cha kuota mimea iliyozoea maji. Kinamasi ni aina mojawapo, yenye tope la kudumu. Bwawa ni maji yaliyokusanyika, mara nyingi kwa kuzuiwa na watu. Tingatinga liache kwenye mazungumzo, kwa sababu wengi wakilisikia watafikiria mashine ya kusukuma udongo, na hiyo ndiyo tusiyoitaka pale.

Neno linabadilisha haki ya mahali. Ardhi oevu ya msimu hukauka Januari na Februari, na ndipo mtu hujenga akisema "hapa si kinamasi". Ni ardhi oevu bado. Tazama mimea (mafunjo, matete, nyasi ndago) na chimba shimo la nusu mita. Udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu unakuambia kwamba maji hukaa hapo sehemu ya mwaka.

Vipimo vya kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa: mito mikubwa iliyotajwa kwenye jedwali la kanuni ina ukanda wa hifadhi wa mita 100 kila upande, mito mingine mita 30. Maziwa yaliyotajwa, mita 200, na mengine mita 100. Kwa mto, pima kutoka alama ya juu kabisa ya maji. Wengi hupima wakati wa kiangazi kutoka maji yalipo, wakapata mita nyingi kuliko haki yao.

Kuhusu "isiyo na kazi": mafunjo ya Nakivubo yamesimama kati ya majitaka ya Kampala na Ghuba ya Murchison, na sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya jiji huvutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyo hiyo. Kazi yake ni hii. Maji yakiingia mafunjoni hupunguza mwendo, tope huzama. Mafunjo huelea kama mkeka, kwa hiyo maji hupita katikati ya mizizi, na bakteria wanaoishi kwenye mizizi hiyo huvunja uchafu. Sehemu ya nitrojeni hurudi hewani, sehemu ya nitrojeni na fosforasi huwa majani. Ukichimba mfereji mmoja mnyoofu katikati, maji yanakimbilia mferejini na mafunjo yaliyo pembeni hayachuji chochote, hata kama yamesimama mazuri. Ukiyang'oa ukapanda magimbi, mkeka unaoelea umekwisha na tope ulilotifua linaelekea ziwani.

Yakizidi ziwani, virutubisho hivyo huleta urutubishaji wa maji kupita kiasi. Hili jina huwadanganya watu, wakidhani kurutubisha ni kuzuri popote. Mwani huota mpaka maji yakawa ya kijani, huzuia mwanga, hufa na kuzama, kisha bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni yote ya chini. Samaki hufa kwa kukosa hewa, wala hawakulishwa sumu. Ndiyo maana kamongo huwa miongoni mwa wa mwisho kubaki: anapumua hewa ya juu. Na kwa sababu anaweza kukaa kwenye maji mazito ya mafunjo, korongo nyangumi wa Mabamba anampata pale.

Kigezi_Matuta

Nami nina mawili yanayochanganywa kila mvua zikianza: mmomonyoko wa udongo na maporomoko ya ardhi. Dawa ya moja inaweza kuwa sumu kwa lingine, kwa hiyo naomba nieleze taratibu.

Mmomonyoko ni maji yanayokimbia juu ya ardhi yakichukua udongo wa juu kidogo kidogo. Dawa ni kuyapunguza mwendo na kuyaingiza ardhini. Maporomoko ni mteremko mzima kushuka kwa sababu maji yameingia ndani mno, udongo umekuwa mzito na umeteleza juu ya tabaka la chini. Hapo, kuingiza maji zaidi ni kuongeza mzigo.

Kwa mmomonyoko, matuta ya fanya juu. Kwanza pata mstari wa kontua, yaani mstari ambao kila sehemu yake ina kimo kimoja. Tengeneza fremu ya herufi A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa kileleni, na mti wa tatu wa kukingama katikati. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha fremu, weka alama pale uzi unapogusa mti wa kukingama. Igeuze, miguu ibadilishane mahali pale pale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Hatua hii ya kugeuza ndiyo inayorukwa, na fremu isiyosahihishwa hukupa mstari unaoshuka. Mvua ya kwanza inajaza mfereji, maji yanakimbilia upande wa chini, yanatoboa tuta, na umejichimbia korongo mwenyewe.

Mstari ukipatikana, chimba mfereji wa sentimita 60 upana na 60 kina, udongo utupe upande wa juu wa mlima. Ndiyo maana ya jina. Acha vizuizi visivyochimbwa kila mita 5 hadi 10 ndani ya mfereji ili maji yasitembee. Juu ya tuta panda majani ya tembo au nyasi nyingine ya mizizi mingi mara moja, kabla mvua haijalilainisha. Udongo unaoshuka hunaswa na tuta, na kwa miaka kadhaa shamba hujilaza lenyewe kuwa ngazi. Kwenye fanya chini udongo hutupwa chini. Ni kazi rahisi zaidi kwa mgongo, lakini ngazi haijengeki vizuri hivyo.

Sasa maporomoko. Bududa, tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi kilifukiwa baada ya mvua kubwa. Dalili za mteremko unaojiandaa: nyufa zenye umbo la mwezi mchanga juu ya mlima, miti iliyoanza kuinama, chemchemi mpya mahali pasipokuwa nayo, au chemchemi ya zamani kutoa maji ya tope ghafla. Ukiona ufa, usichimbe mfereji wa kuhifadhi maji juu yake. Jaza ufa kwa udongo ulioshindiliwa, elekeza maji pembeni kwa mfereji wenye mteremko mdogo, usikate kitako cha mlima kupata kiwanja, na watu walale kwingine mvua ikiendelea. Kupanda miti yenye mizizi mirefu kunasaidia, ila ni kazi ya miaka, haiokoi msimu huu.

MwalimuElgon

Kigezi, hili la ufa nitaliomba lisomwe redioni kama lilivyo.

KatibuLC1

Na "gesi chafu", "hewa ukaa", "hewa chafu"? Mtu akifa na sigiri ndani wanasema kauawa na hewa ukaa.

SigiriNaDirisha

Hapana, katibu, na kosa hilo linaua. Hewa ukaa ni kabonidioksidi, ile tunayoitoa tukipumua na mimea huitumia kujitengenezea chakula. Inayoua kwenye chumba kilichofungwa ni monoksidi ya kaboni. Hutokea mkaa unapoungua bila oksijeni ya kutosha, haina harufu wala rangi, na hushika damu mahali pa oksijeni. Sigiri ambayo moshi umeisha na mkaa umekuwa mwekundu bado inaitoa, na hapo ndipo watu huiingiza chumbani wakidhani imeshakuwa salama. Dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Mtoe mtu nje kwanza, maswali baadaye. Wala sufuria ya maji kando ya sigiri haisaidii chochote.

"Gesi chafu" mimi siipendi, ingawa magazeti yanaitumia. Mvuke wa maji hauna uchafu wowote na bado unashika joto. Gesijoto linasema kazi ya gesi yenyewe: kushika joto linalotaka kutoka duniani. Kabonidioksidi, methani, oksidi ya nitrojeni, mvuke. Tena gesijoto si suala la tabaka la ozoni. Ozoni inachuja miale ya urujuanimno, na iliharibiwa hasa na gesi za majokofu na makopo ya kupuliza. Ni matatizo mawili.

Hali ya hewa ni ya leo na wiki hii. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Mvua iliyochelewa mwaka mmoja Soroti haithibitishi wala haikanushi mabadiliko ya tabianchi. Barafu ya Ruwenzori inasema zaidi: mwaka 1906 ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki chini ya 1.

Neno "kukabiliana" limebebeshwa mizigo miwili. Tutenganishe: kupunguza gesijoto (mkaa kidogo zaidi, jiko linalobana moto) na kuhimili (mbegu za muda mfupi, tangi la maji ya mvua). Mradi ukisema tu "unakabiliana", uliza ni upi kati ya hiyo.

MvuleMmoja

Kwangu ni misitu. Kupanda miti na kurejesha msitu si kitu kimoja. Hekta za misonobari zilizopangwa mistari ni shamba la miti. Lina faida yake ya mbao na nguzo, sina ugomvi nalo, lakini usilihesabu kama msitu wa asili uliorudi. Msitu wa asili una tabaka: miti mirefu, ya kati, vichaka, miche, majani yanayooza chini. Mara nyingi njia bora ya kuurejesha ni kuzuia moto, mifugo na shoka, uoto ujirudie kutoka kwenye visiki na mbegu zilizo udongoni, kisha kuongeza miche ya mvule, musizi au mutuba palipo na mapengo.

Miche hufa kwa sababu zinazojulikana. Panda mvua zikishashika, siyo siku ya sherehe: kusini Machi na Septemba, Karamoja kuna msimu mmoja. Shimo la sentimita 30 kwa 30, udongo wa juu weka kando na uurudishe kwanza. Ondoa kaveera (mfuko wa plastiki wa mche) lote, usilipasue chini tu. Likibaki, mizizi hujizungusha humo, na mti huanguka miaka mitatu baadaye ukiwa umeonekana mzima. Shingo ya mche ilingane na usawa wa ardhi. Halafu palilia mita moja kuzunguka kwa misimu miwili. Ripoti inayotaja miche iliyopandwa bila kutaja iliyo hai baada ya mwaka haijaripoti kitu.

Pia tenganisheni spishi ngeni na spishi vamizi. Mahindi na muhogo ni mageni na hayamvamii mtu. Vamizi ni ile inayoenea yenyewe na kuziondoa za asili: lantana malishoni, *Senna spectabilis* kule Budongo, gugumaji ziwani. Lantana ukiifyeka tu huchipua mara mbili. Ikate shina chini ya udongo au ing'oe na mzizi kabla haijazaa, kwa kuwa ndege husambaza mbegu.

BiMafunjo

Na gugumaji usilirundike ufukweni. Likioza, virutubisho vinarudi ziwani na mvua, na mbegu zake hukaa topeni miaka mingi. Lisogezwe juu, mbali na maji ya mafuriko. Fukusi, wadudu wanaokula gugumaji, walioachiliwa kwenye Ziwa Nalubaale kuanzia 1995 walilipunguza sana, lakini udhibiti wa kibayolojia hupunguza, haumalizi. Maadamu majitaka yanaingia, litarudi.

MbojiMukono

Taka. Kuoza ni kazi ya viumbe wadogo: kitu kinageuka kuwa udongo, maji na gesi. Kaveera haliozi, linavunjikavunjika kuwa chembe. Chembe hizo bado ni plastiki. Sheria ya Mazingira ya 2019 inakataza lililo jembamba chini ya maikroni 30; hilo halikusanyiki wala halirejelezeki kwa faida. Kulichoma si dawa, moshi wa plastiki una sumu. Kutumia tena ni chupa ile ile kujazwa maji. Kurejeleza ni chupa kuyeyushwa kuwa kitu kingine. La kwanza halihitaji kiwanda, lianze.

Maganda ya matoke ni mali ya mboji. Sehemu mbili hadi tatu za vikavu (majani makavu ya mgomba, mabua, maranda) kwa sehemu moja ya maganda mabichi, kwa ujazo. Rundo lisipungue mita 1 kila upande, la sivyo joto halishiki. Ndani lifike nyuzi 55 hadi 65. Bila kipimajoto, chomeka fimbo dakika 10: ikitoka moto wa kushindwa kushika, joto limefika. Geuza kila wiki, nje iingie ndani. Unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa. Harufu ya mkojo maana yake mabichi yamezidi, ongeza vikavu. Harufu ya yai viza maana yake maji yamezidi na hewa hakuna, geuza upesi. Miezi miwili hadi mitatu inatosha.

Maganda hayo hayo yakifukiwa bila hewa jaani hutoa methani na maji meusi yanayochuruzika. Jaa ni rundo. Dampo la kihandisi lina sakafu isiyopitisha maji, mabomba ya kukusanya mchuruziko, matundu ya gesi, udongo wa kufunika kila siku na mteremko uliopimwa. Jaa la Kampala lililoporomoka Kiteezi tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu lilikuwa mlima wa taka zilizolowa mvua. Kila gunia la maganda lisilofika kule ni uzito na maji yaliyopungua.

KatibuLC1

Ahsanteni sana. La mwisho: mtu ameanza kumwaga kifusi mafunjoni na anasema "tathmini itafanywa". Nipeleke wapi?

BiMafunjo

Tathmini ya athari kwa mazingira na jamii hufanywa kabla ya jembe la kwanza. Kifusi kikishamwagwa, kinachofuata ni ukaguzi, na hati ya ukaguzi si kibali. Mwombe akuonyeshe cheti chenyewe, siyo barua ya maombi. Hana? Andika tarehe, piga picha ikionyesha kitu kisichohama (nguzo, mti mkubwa), pima umbali kutoka maji, peleka kwa afisa mazingira wa wilaya na nakala NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira). Ingekuwa msitu wa akiba wa serikali kuu ungeandikia NFA (mamlaka ya misitu), hifadhi ya wanyama UWA (mamlaka ya wanyamapori). Nenda leo, kabla kifusi hakijashindiliwa, maana kukiondoa kikiwa kimelegea ni kazi ya siku mbili.